Hackintosh Inapogoma: Dalili, Visababishi na Vifaa Visivyooana

Katika studio za muziki na vyumba vya kuhariri video za harusi, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani hadi Masasi na Lindi, zipo kompyuta zilizoundwa kwa vipuri vya kawaida ambazo wenyewe wameziwekea macOS, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta za Apple, ili watumie Logic Pro au Final Cut Pro. Kompyuta ya namna hiyo huitwa Hackintosh. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili ambazo wenye mashine hizo hulalamikia zaidi. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi kinatangulia, na uchunguzi usiohitaji bisibisi unakuja kabla ya ule unaohitaji. Msomaji atakayeufuata hadi mwisho ataona kwamba matatizo mengi yanayodhaniwa kuwa ya mipangilio yalianzia dukani, siku kifaa kiliponunuliwa, na kwa mtu aliyeagiza kadi Kariakoo ikasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 500, kuirudisha ni gharama nyingine.

Yapo mambo mawili ya kuyajua kabla ya kutumia fedha. La kwanza ni kwamba leseni ya Apple inaruhusu macOS iwekwe kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple pekee, kwa hiyo Hackintosh haina dhamana wala msaada wa kampuni. Psystar, kampuni ya Florida iliyojaribu kuuza mashine za namna hii, ilishtakiwa na Apple mwaka 2008 na ikashindwa mahakamani mwaka uliofuata, jambo ambalo fundi anayefikiria kuziuza kama biashara anapaswa kulizingatia. La pili ni kwamba mwezi Juni 2025 Apple ilitangaza kuwa macOS Tahoe ndiyo toleo la mwisho litakalofanya kazi kwenye prosesa za Intel. Anayeanza leo anajenga mashine ambayo mwisho wake unajulikana, na kwa maoni yangu hilo ni sababu tosha ya kununua vipuri vilivyotumika vyenye sifa inayoeleweka badala ya vipya vya bei kubwa.

Kipimo cha kuanzia kwa dalili yoyote

Kabla ya kugusa faili lolote la mipangilio, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, bila kuiweka kwenye diski. Iache ifanye kazi kwa saa nzima huku ikicheza video. Ikiwa Linux nayo inaganda, inazimika au haioni diski, basi kifaa ni kibovu au hakijakaa vizuri, na hakuna marekebisho ya macOS yatakayokiponya. Linux ikienda vizuri, tatizo limebaki kwenye uoanifu au mipangilio.

Ukiwa ndani ya Linux hiyo hiyo, fungua dirisha la amri na uandike lspci -nn. Orodha itakayotokea inaonyesha namba za utambulisho za kadi ya picha, kadi ya mtandao, kidhibiti cha sauti na diski ya NVMe. Zinakili kwenye karatasi, kwa kuwa stika ya boksi na maneno ya muuzaji vinaweza kukosea, lakini namba inayosomwa kwenye kifaa chenyewe ni vigumu zaidi kukudanganya.

Dalili: haiwaki kabisa, au inawaka sekunde chache na kuzima

Hapa macOS haihusiki. Anza na soketi ya ukutani na swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, kisha angalia kebo mbili zinazolisha ubao mama: ile kubwa ya pini 24 na ile ya pini 4 au 8 inayolisha prosesa, ambayo kwa kawaida huchomekwa kwenye kona ya juu. Kebo hii ya pili husahaulika sana, na dalili yake ni feni kuzunguka bila picha yoyote kutokea.

Kinachofuata ni RAM. Zima umeme, chomoa kebo ya ukutani, toa vipande vyote vya RAM na ujaribu kimoja kimoja. Katika miji yetu ya pwani hewa yenye chumvi na unyevu hushambulia migusano ya shaba na dhahabu, hasa kwenye mashine iliyofungwa muda mrefu bila kutumika wakati wa masika. Safisha migusano hiyo kwa kitambaa laini kilichoguswa alkoholi ya isopropili. Kifutio cha penseli, ambacho mafundi wengi hukipenda, nacho kinasafisha, ila kila kikipita kinakwangua ile dhahabu nyembamba, kwa hiyo kisiwe desturi.

Ikiwa bado haiwaki, chunguza kama prosesa na ubao mama ni wa kizazi kimoja. Soketi ya LGA 1151 imewaponza wengi, kwa sababu prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 huhitaji ubao wa mfululizo wa 100 au 200, ilhali za kizazi cha 8 na cha 9 huhitaji mfululizo wa 300, na zote zinakaa kwenye soketi yenye umbo lile lile. Core i5-8400 itaingia kwenye ubao wa H110 bila kukataa, kisha haitawaka. Kwa hiyo anayenunua asiulize soketi tu. Aulize pia jina la chipset, yaani chipu kuu ya ubao yenye jina kama H110. Kizazi cha 10 kina soketi yake ya LGA 1200, na kosa la namna hiyo halitokei hapo kwa urahisi.

Waliotoa ubao kwenye mashine za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex au baadhi ya HP, wakumbuke kwamba nyingi kati yake hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Usilazimishe plagi isiyoingia. Tafuta kebo ya kubadilishia iliyotengenezwa kwa modeli hiyo, au iache mashine ilivyo ndani ya kasha lake.

Acha na uite fundi: usifungue pawa saplai kwa hali yoyote, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa kapasita zake huweza kubaki na chaji ya kuumiza mtu. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, chomoa ukutani na usijaribu kuiwasha tena ili kuhakikisha.

Dalili: ukigusa kasha unahisi mshtuko mdogo

Watu hulichukulia jambo hili kama kawaida ya kompyuta za kuunda, na si kawaida hata kidogo. Chujio la umeme ndani ya pawa saplai hupeleka sehemu ndogo ya mkondo kwenye kasha, na nyaya za nyumba zikiwa na ethi nzima mkondo huo huenda ardhini bila mtu kuuhisi. Ethi ikikosekana, au plagi ya pini tatu ikiwa imelazimishwa kwenye adapta ya pini mbili, kasha hubaki na volti zinazoweza kufikia karibu nusu ya zile 230 za ukutani. Ondoa adapta hiyo kwanza. Mshtuko ukiendelea, acha kutumia kompyuta na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ethi ya nyumba. Kazi hii haimhusu fundi kompyuta.

Dalili: flashi ya kusakinishia haionekani au menyu ya OpenCore haitokei

OpenCore ni programu inayoiwasha macOS kwenye mashine isiyo ya Apple. Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, zima Secure Boot, Fast Boot na CSM, kisha weka SATA kwenye AHCI. Hamishia flashi kwenye tundu la USB 2.0. Hakikisha sehemu yake ya kuwashia imefomatiwa kwa FAT32 na kwamba folda ya EFI, yenye faili za OpenCore na iliyo na BOOT na OC ndani yake, imekaa moja kwa moja kwenye mzizi wa flashi badala ya kufichwa ndani ya folda nyingine. Yote yakiwa sawa na bado haionekani, ipime flashi yenyewe kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, maana flashi zinazojitangaza kuwa na GB 64 huku ndani zikiwa na 8 bado zimejaa sokoni.

Kwa kuwa usakinishaji wa kupitia intaneti hupakua zaidi ya GB 10, na bando likikatika katikati kazi huanza upya, ni heri kuandaa kisakinishi kizima kwenye flashi ya GB 32 mahali penye mtandao wa uhakika.

Dalili: maandishi yanatembea kisha yanakwama

Ongeza -v kwenye hoja za kuwashia (boot-args ndani ya config.plist, faili la mipangilio la OpenCore) ili maandishi yaonekane, na upige picha ya mistari ya mwisho. Kisababishi cha kwanza ni faili la config.plist lililonakiliwa kutoka kwa mwenye mashine nyingine. Watu hutumiana folda ya EFI kwa WhatsApp kwa nia njema kabisa, lakini folda iliyotengenezwa kwa ubao wa Z390 ina vipande vya SSDT (maelezo ya vifaa vya ubao husika) na mipangilio ya kumbukumbu ambavyo havifai B460. Tengeneza upya kutoka kwenye sampuli ya OpenCore, ukifuata mwongozo wa mtandaoni wa Dortania kwa kizazi cha prosesa yako.

Ikikwama mwanzoni kabisa, kwenye mstari wenye neno EXITBS, tazama mipangilio ya kumbukumbu katika sehemu ya Booter ya config.plist, na uwashe Above 4G Decoding kwenye BIOS. Ikiwa BIOS haina kipengele cha kuzima CFG Lock, kufuli la baadhi ya mipangilio ya prosesa, washa AppleXcpmCfgLock katika config. Kwa wenye Ryzen, viraka vya kerneli (kiini cha mfumo) vinadai uandike idadi halisi ya koa (cores) za prosesa yako, na aliyenakili viraka vya koa nane kwenye prosesa ya koa sita atakwama papo hapo. Mbao za B360, H310 na Z390 zina mahitaji mawili ya ziada, SSDT-AWAC kwa ajili ya saa na SSDT-PMC kwa ajili ya NVRAM, kumbukumbu ya mipangilio ya kuwashia.

Ujumbe wa "Still waiting for root device" humaanisha kwamba mfumo umepoteza diski au flashi uliyowashia. Badilisha tundu la USB kabla ya jambo lolote, kisha hakiki AHCI na ramani ya USB (orodha ya matundu ambayo macOS itayatumia). Ikiwa hayo hayasaidii, soma jina la SSD. Samsung PM981, ambayo hutolewa kwenye kompyuta mpakato na kuuzwa kama mpya, inajulikana kwa kuiangusha macOS, na 970 EVO Plus zenye programu ya ndani ya zamani nazo zilihitaji kusasishwa kwanza. SSD ya SATA ya kawaida ina kasi ndogo zaidi, ila haina usumbufu huu.

Kisababishi kimoja kidogo huwatesa watu usiku kucha: betri ya CR2032 kwenye ubao wa zamani imekwisha, tarehe imerudi nyuma miaka mingi, na kisakinishi kinadai kwamba kimeharibika au hakiwezi kufikia seva. Badilisha betri, rekebisha tarehe, kisha ujaribu tena.

Dalili: maandishi yanaisha, kisha skrini inabaki nyeusi

Dalili hii huripotiwa kuliko zote na ndiyo inayogharimu zaidi, kwa sababu mara nyingi jibu lake ni kununua kadi nyingine. Anza na yasiyo na gharama. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya picha na si kwenye ubao mama, na iwe ya HDMI au DisplayPort. Skrini kuukuu za VGA zisizo na njia nyingine ziache kando, kwa kuwa picha ya ndani ya Intel (chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa) kuanzia kizazi cha 6 haitoi VGA kwa macOS kwa njia ya kutegemewa. Soma pia herufi ya mwisho ya jina la prosesa: Core i3-10100F na nyingine zenye F hazina picha ya ndani kabisa.

Baada ya hapo, linganisha namba uliyoiandika kutoka lspci na ukweli ufuatao. Kadi za Nvidia za GTX 10 ziliishia High Sierra, toleo la macOS la mwaka 2017, na kwa msaada wa draiva za Nvidia zenyewe. GTX 16 na RTX hazikupata draiva ya macOS hata siku moja. Zile za kizazi cha zamani cha Kepler, ambazo baadhi ya GT 710 na GT 730 ni miongoni mwake, zilifika Big Sur na kuachwa katika Monterey. Muuzaji anayekuambia GTX 1650 inafaa kila kazi anasema kweli kuhusu Windows tu.

Kwa hiyo kinachobaki ni AMD, na humo pia kuna mitego. RX 470, 480, 570 na 580 zinafanya kazi vizuri na namba yake ni 67DF. RX 580 iliyoandikwa 2048SP ina namba 6FDF, nayo haitambuliwi hadi uongeze device-id (namba ya utambulisho) ya bandia ya 67DF katika config. RX 550 ni mbili ndani ya jina moja: yenye 67FF inafaa, yenye 699F, iliyojengwa kwa chipu ya Lexa, haifai, na kwa macho boksi zake hazitofautiani. RX 5500 XT, 5600 XT na 5700 zinafaa ila zinahitaji agdpmod=pikera kwenye hoja za kuwashia, vinginevyo skrini huwa nyeusi mahali hapo hapo unapolalamikia. RX 6600 inafaa kuanzia Monterey 12.1 na haili umeme mwingi, takriban wati 132 dhidi ya 185 za RX 580, kwa hiyo ndiyo ningeipendekeza kwa anayetumia UPS ndogo. RX 6400, 6500 XT na mfululizo wote wa 7000 hazina draiva, na 6700 XT haitambuliwi na macOS yenyewe. Mwenye kununua wakati fedha za korosho zimeingia, siku ambazo kila kadi dukani huitwa mpya, adai kuiona namba hii kwenye skrini kabla ya kulipa.

Ikiwa namba ni sahihi na skrini bado ni nyeusi, shuku kadi iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Wachimbaji hubadilisha programu ya ndani ya kadi, na Windows huweza kuivumilia wakati macOS inaikataa. Baadhi ya kadi zina swichi ndogo pembeni ya kuchagua programu ya pili, nayo ijaribiwe kwanza. Kuandika upya programu hiyo kunawezekana, lakini faili lisilo la kadi hiyo litaiua, kwa hiyo mwachie mwenye uzoefu na kifaa cha kuandikia chipu.

Kwa wanaotegemea picha ya ndani ya Intel, UHD 630 ya kizazi cha 8 hadi cha 10 ndiyo salama, mradi ig-platform-id (namba inayoiambia macOS aina ya picha ya ndani) iwe sahihi na keksti, yaani draiva za nyongeza, za Lilu na WhateverGreen zipo. HD 4600 ya kizazi cha 4 inaishia Monterey. Picha ya Celeron na Pentium, ya kizazi cha 11 cha mezani, na ya kizazi cha 12 kwenda mbele haitawaka, hata ubadilishe namba namna gani. Baadhi ya Ryzen zenye herufi G zina keksti ya wanajamii iitwayo NootedRed, ambayo ni kazi ya kuheshimika lakini nisingeiwekea studio inayolipwa na wateja.

Dalili: mfumo umewaka, lakini madirisha yanaburuzika

Fungua taarifa za mashine. Ukiona kumbukumbu ya picha ni MB 7 tu au chini ya hapo, kadi haiendeshwi na draiva yake. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Dalili: hakuna Wi-Fi au sauti

Kadi za Wi-Fi za Intel huhitaji keksti ya itlwm au AirportItlwm ya toleo linalolingana na mfumo wako. Kadi za Broadcom, kama BCM94360, ambazo zamani zilifanya kazi bila kuguswa, ziliondolewa draiva zake katika Sonoma mwaka 2023. Kwa kuanzia, iPhone iliyounganishwa kwa kebo hutoa intaneti bila draiva ya nyongeza. Kebo ya mtandao nayo inahitaji keksti yake: IntelMausi kwa I219, au RealtekRTL8111 kwa chipu yenye jina hilo.

Sauti hutegemea keksti ya AppleALC na layout-id (namba ya mpangilio wa sauti) ya chipu yako, na jaribio ni kupitia namba zilizoorodheshwa kwa chipu hiyo moja baada ya nyingine. Katika Tahoe, Apple imeondoa draiva ya zamani ya AppleHDA ambayo AppleALC iliitegemea, kwa hiyo sauti ikipotea baada ya kuhamia huko, tatizo haliko kwenye namba. Studio nyingi hazisumbuki, kwa kuwa kadi ya sauti ya USB isiyohitaji draiva hutambuliwa moja kwa moja.

Dalili: inazimika au kujiwasha upya katikati ya kazi

Ikizimika wakati wa kutoa video nzito, pima joto kwanza: vumbi kwenye feni na pesti iliyokauka juu ya prosesa ndivyo hupatikana zaidi. Ikizimika pale umeme unapokatika ilhali UPS ipo, inawezekana pawa saplai yenye PFC amilifu (saketi inayorekebisha uvutaji wa umeme) haipatani na UPS ya bei nafuu inayotoa wimbi la ngazi ngazi, na dawa ni UPS ya wimbi safi au yenye uwezo mkubwa zaidi. Ikizimika bila mpangilio wowote, endesha MemTest86 usiku mzima, na hata kosa moja la RAM linatosha kuibadilisha. Ikifia usingizini tu, tengeneza ramani ya USB isiyozidi matundu 15 kwa kila kidhibiti, ukihesabu kila tundu la USB 3.0 kuwa mawili.

Dalili: ilikuwa nzima, imekufa baada ya kusasishwa

Mara nyingi OpenCore na keksti zimeachwa za zamani huku mfumo umesonga mbele. Washa kwa flashi yenye EFI mpya na ujaribu. Ikiwa umevukia Tahoe, jina la modeli ya Mac ambalo mashine inajitambulisha nalo katika config lazima liwe mojawapo ya zinazokubalika, kama iMac20,1 au MacPro7,1, kwani iMac19,1 haikubaliwi tena. Wanaofanya kazi za wateja wazime masasisho ya kujiendesha, na kila wanapokusudia kusasisha, wanakili folda ya EFI kwenye flashi ya pembeni na miradi yote kwenye diski nyingine.

Acha na uite fundi: ikiwa baada ya sasisho diski inatoa sauti ya kugonga, inaonekana na kupotea, au Linux inairipoti kuwa na makosa ya kusoma, na ndani yake mna kazi ambazo hazikunakiliwa, usisakinishe upya wala usiendeshe programu ya kurekebisha. Zima kompyuta, chomoa diski hiyo, na uipeleke kwa fundi wa kurejesha data ikiwa katika hali hiyo hiyo.